Bakteria wa mizizini na hesabu ya mfuko wa urea

MKULIMA wa mpunga anayenunua mfuko wa urea wa kilo 50 hupata kilo 23 tu za naitrojeni, na kwenye jaruba lenye maji sehemu kubwa ya hiyo hupotea hewani kabla mpunga haujaitumia. Bei za mbolea zilipopaa mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipovuruga biashara hiyo, Tanzania iliingiza ruzuku katika msimu wa 2022/23.

Hewa iliyo juu ya jaruba hilo hilo ni naitrojeni kwa asilimia 78. Mpunga hauwezi kuichukua, lakini wako bakteria wanaoweza, na baadhi yao huishi ndani ya mimea ya majimaji.

Mmea unaojulikana zaidi ni Sesbania rostrata, wa ukanda wa Sahel. Watafiti waliokuwa Senegal walieleza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba bakteria wake hutengeneza vinundu kwenye mizizi na pia kwenye shina, juu ya maji. Ndiyo maana mmea huo huendelea kujilisha hata shamba likifurika.

Ukikatwa na kuchanganywa na udongo baada ya siku 50 hadi 60, katika mazingira mazuri unaweza kurudisha zaidi ya kilo 100 za naitrojeni kwa hekta. Kwa ekari ni kama kilo 40, yaani chini kidogo ya mifuko miwili ya urea.

Mbona basi wakulima wa Asia, waliohimizwa sana kuutumia, wengi hawakuendelea nao? Jibu ni hesabu. Mmea hukalia shamba karibu miezi miwili, unataka mbegu, maji na nguvu za kuufukia, na miaka hiyo urea ilikuwa rahisi. Isitoshe, siku zikiwa fupi huchanua mapema na kutoa majani machache, jambo la kuangaliwa kwetu tulio karibu na Ikweta. Mwenye skimu inayopata maji mapema anaweza kuujaribu kwenye jaruba moja. Anayetegemea mvua za msimu mmoja sioni atapata wapi miezi hiyo miwili.

Yapo pia majani ya kallar, yanayoota kwenye udongo wa chumvi na maji huko Pakistan. Bakteria aina ya Azoarcus waliopatikana ndani ya mizizi yake wanaweza kuingia hata kwenye mizizi ya mpunga, lakini kuingia si kulisha. Hadi sasa mpunga hauna vinundu kama vya maharage.

Hapo ndipo wenye maduka ya pembejeo wawe waangalifu. Pakiti za bakteria wa soya au maharage, kama Biofix ya Kenya, ni za jamii ya kunde. Ukimuuzia mkulima wa mpunga badala ya urea, mavuno yakishuka atarudi dukani kwako.