Ukitoka siber, kompyuta ingali inakukumbuka

Mtu akifungua Facebook kwenye kompyuta ya siber hapa Kamina, tovuti inaacha humo faili ndogo, kuki. Toka 1994, hiyo ndiyo inafanya tovuti imutambue bila kumuuliza neno la siri kwa kila ukurasa. Lakini kuki haijui sura ya mtu, inajua mashine. Ukifunga dirisha tu na kwenda zako, anayekuja nyuma yako anaweza kuandikia ndugu zako kwa jina lako, hata kuwaomba feza. Simu ya kuazimana nyumbani ni vilevile.

Sheria ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda data za Mkongomani. Vizuri, ila haimufungii akaunti. Kabla ya kusimama: bonyeza “Déconnexion”, kisha futa kuki.