Mpangaji analipa ushuru wa nyumba, nyumba yake iko wapi?

Jirani yangu ni bawabu wa ghala moja huko Shimanzi. Mshahara wake ni shilingi 18,000. Chumba chake hapa Kisauni, choo cha pamoja, kodi ni 5,000. Juzi alinionyesha hati yake ya mshahara akaniuliza, "Kaka, hizi 270 za nyumba, ni nyumba gani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Leo nataka tupige hesabu pamoja.

Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 ya mshahara kabla ya makato, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Ulianza 2023, Mahakama Kuu ikaukataa Novemba mwaka huo, kisha ukarudi kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa sahihi Machi 2024. Sheria hiyo ikatandaza wavu: hata asiyeajiriwa, mwenye kibanda au bodaboda, anatakiwa alipe. Kwa jirani yangu, 270 zake na 270 za mwajiri ni 6,480 kwa mwaka. Imepita kodi yake ya mwezi mzima.

Anapata nini? Mpango umejengwa juu ya kununua. Unajisajili Boma Yangu, unaweka amana, ukijaaliwa unapewa nyumba uilipie miaka na miaka. Sheria inamtambua mwenye kipato cha chini ya 20,000 na kumtengea nyumba zake. Lakini mtu huyo akishatoa kodi, chakula, maji ya mkokoteni na karo, amana ataitoa wapi?

Tazameni na upande wa ushuru wa mapato. Aliyekopa kununua nyumba anaruhusiwa kuondoa riba ya hadi 360,000 kwa mwaka kabla hajatozwa. Mwenye ploti za kupangisha alikuwa akitozwa asilimia 10 ya kodi anayokusanya. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Mimi sijaona ploti mtaani kwetu iliyoteremsha kodi Januari ile. Mwenye mkopo ana nafuu yake, mwenye ploti ana yake. Mpangaji hana, na wengi wetu huku hata mkopo wa riba hatuukaribii.

Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi ipo, na baraza lake lipo. Lakini inamlinda anayelipa kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Chumba cha bei hiyo Mombasa leo, tafuta kwa tochi.

Wanaotetea mpango husema nyumba lazima zijengwe na vijana wa mjengo wamepata kazi. Ni kweli, na sipingi kujenga. Ninachouliza ni kwa nini anayekatwa awe huyu na anayenunua awe mwingine.

Marekani, tangu 1974, serikali kuu ina mpango ambapo mpangaji maskini hutoa takriban asilimia 30 ya kipato chake na serikali humlipa mwenye nyumba salio. Haitoshi hata huko: katika kila familia nne zinazostahiki msaada wa kodi, ni kama moja tu inayoupata. Lakini angalau mpangaji yumo kwenye bajeti.

Wala kwetu si jambo geni. Buxton, Tudor, Mzizima na Changamwe zilikuwa nyumba za manispaa, za kupanga. Watoto wamezaliwa humo, wakasoma, wakaoa. Buxton ya zamani imebomolewa, na ghorofa mpya zinauzwa.

Kwa hivyo nina maombi matatu. Sehemu ya fedha za ushuru huu ijenge nyumba za kupangisha, zibaki mali ya kaunti, na kodi ipimwe kwa kipato cha mpangaji. Mwenye ploti anayetaka nafuu ya ushuru aipate kwa kuandikiana kwamba hatapandisha kodi. Na kile kiwango cha 2,500 kirekebishwe kilingane na kodi za leo.

Wabunge wetu wa Pwani watakuja tena kutafuta kura vibarazani. Tusiwaulize habari za barabara peke yake. Tuwaonyeshe hati za mshahara, tuwaulize kama jirani yangu: hizi 270, ni nyumba gani?