Kadi ya mamilioni na mtoto wako

Krismasi ya 2024, mvulana wa miaka 11 wa Los Angeles, Marekani, alifungua pakiti ya kadi za besiboli. Ndani akakuta kadi ya Paul Skenes, chipukizi wa Pittsburgh Pirates, yenye sahihi yake na kiraka cha jezi ya mechi yake ya kwanza. Iko moja tu duniani. Timu ilitaka kuipata kwa tiketi za miaka 30, familia ikakataa. Machi 2025 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.11.

Mzazi, msimulie mwanao, lakini mwambie ukweli: pakiti nyingi hazina kadi kama hiyo. Anayenunua ili atajirike anacheza bahati nasibu. Akipenda kukusanya, mpangie kiasi, naye akusanye wachezaji anaowapenda.