TAHARIRI: Picha ya pasipoti si kadi ya harusi

Katika miji yetu ya mpakani kazi ya kupiga picha sasa iko mikononi mwa kila kijana. Mwenye simu nzuri na kompyuta ya kuazima anawapiga jirani zake Jumapili baada ya ibada, jioni anaziingiza picha kwenye programu, anaondoa ukuta wa udongo na kuweka bustani ya maua, kisha anamvalisha mteja suti na tai ambazo hajawahi kuzigusa. Mteja anafurahi, kijana anapata hela ya vocha, na hakuna aliyedhulumiwa. Gazeti hili halina ugomvi na jambo hilo. Watu wametoka mbali na wamepitia mengi. Wakitaka kuonekana mbele ya maghorofa ya Dubai, na waonekane.

Ugomvi wetu unaanza pale mkono uleule unapoigusa picha ndogo ya hati. Mama anayevuka Kobero kila wiki na mzigo wake anahitaji picha nne. Anakaa kwenye kigoda, anapigwa, na kabla hajainuka uso wake umeshasuguliwa kwenye kompyuta: weusi umepunguzwa, kovu la shavuni limefutwa, mikunjo ya macho imenyooshwa. Anaondoka na picha ya mdogo wake ambaye mama yao hakumzaa. Siku ya safari ofisa anaangalia picha, anaangalia uso, anarudi kwenye picha. Ndizi mbivu hazisubiri mpaka ofisa aridhike.

Kwa aliyerudi kutoka Nyarugusu au Nduta hasara ni kubwa zaidi. Amekaa ukimbizini miaka mingi, wengine wamezaliwa huko huko, na kilimani kwao majirani wapya hawamjui. Kitambulisho anachokwenda kukiomba komini ndicho kitakachosema yeye ni nani akifungua akaunti, akisajili simu, au akisimama mbele ya wazee kudai shamba la baba yake. Akikipata chenye uso wa kupakwa, ameanza maisha mapya kwa ushahidi wenye ufa.

Masharti ya picha ya pasipoti si siri. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka uso utazame mbele, macho wazi, mdomo umefungwa, nyuma pawe peupe au rangi nyepesi isiyo na kivuli. Vipimo vinavyotumika na nchi nyingi ni milimita 35 kwa 45, na uso wenyewe uchukue asilimia 70 hadi 80 ya urefu wa picha. Kubadili umbo au alama za uso hakuruhusiwi. Na tangu pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki ilipozinduliwa na wakuu wa nchi mjini Arusha mwezi Machi 2016, sura ya msafiri hukaa pia ndani ya chipu, ambako mashine inaweza kuisoma na kuilinganisha na mtu aliyesimama mbele yake. Mashine haina huruma wala haiombwi radhi.

Tuwatendee haki wapigapicha: wengi hawafanyi hivyo kwa hila. Wanakimbilia kompyuta kwa sababu picha imetoka mbaya, na imetoka mbaya kwa sababu ya ukuta mweupe. Kamera hupima mwanga wote ulio mbele yake na kuufanya uwe wa wastani, kama rangi ya kijivu. Ikiona shuka jeupe limejaa kila upande, inadhani kuna mwanga mwingi mno, inaupunguza, na uso mweusi ulio katikati unazama gizani. Kijana anapoona hivyo anavuta kitufe cha mwangaza kwenye programu. Giza likivutwa kwa nguvu halirudishi ngozi, linaleta majivu. Basi analainisha yale majivu, na akishalainisha, mtu hayupo tena.

Kasoro hii ina historia, wala haikuanzia kwetu. Kwa miaka mingi maabara za kusafishia picha za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, ambayo mafundi waliiita Shirley, kwa jina la mwanamitindo wa mwanzo wa Kodak. Ngozi yake ikitoka vizuri, kazi imekwisha; mweusi aliyesimama pembeni alibaki meno na macho. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, aliandika mwaka 2009 kwamba msukumo wa kurekebisha filamu hizo ulitokana kwa sehemu na malalamiko ya watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao bidhaa zao za kahawia zilikuwa hazionekani sawasawa. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya mtu. Hata kwenye kompyuta mambo hayakunyooka mara moja: mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu zinazotambua jinsia ya mtu kwa kuangalia uso, wakakuta makosa kwa wanawake weusi yakifika asilimia 34.7, ilhali kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8.

Kwa hiyo dawa iko kwenye mwanga, kabla ya kitufe kubonyezwa. Kwenye simu, gusa uso wa mteja kwenye kioo ili kipimo kichukuliwe hapo, kisha sogeza alama ya jua juu kidogo mpaka shavu lionekane kama unavyoliona kwa macho yako. Kwenye kamera, ongeza kipimo kwa hatua moja hivi. Ukuta ukizidi kung'aa si hoja, ulitakiwa uwe mweupe. Msogeze mteja mbele ya ukuta kama mita moja au zaidi, kivuli chake kitaanguka chini badala ya kujichora nyuma ya masikio.

Flashi ya kumulika usoni moja kwa moja iache. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga mpana na laini: mlango ulio wazi upande wa kivuli, dirisha lenye pazia jepesi, au ua siku ya mawingu. Mgeuzie mteja uso kwenye mwanga huo, wewe usimame upande uleule wa mwanga bila kuuziba. Kama ni upande mmoja tu unaoangaza, mpe mtu karatasi kubwa nyeupe ashike upande wa pili, au chini ya kifua, ili kivuli cha macho na kidevu kifunguke. Futa jasho la paji la uso kwa kitambaa. Huo ndio ulainishaji pekee tunaouruhusu kwa picha ya hati. Na zima ile huduma ya urembo ambayo simu nyingi huja nayo ikiwa imewashwa, maana hiyo humbadilisha mtu hata kabla hujaiona picha.

Baada ya hapo kompyuta ina kazi ndogo: kukata picha kwa kipimo, kunyoosha kilichoinama, kusawazisha rangi ili shuka jeupe lisionekane la njano, na kuongeza mwanga kidogo kwa picha nzima, bila kuuchagua uso peke yake. Ukitoka hapo umeingia kwenye kughushi, hata kama mteja mwenyewe ndiye aliyeomba awe mweupe. Wapo wanaoomba, tena wengi. Fundi mwenye heshima humwambia mteja ukweli kabla ya kupokea hela yake.

Kwa picha za kujifurahisha mkono uwe huru, ila uwe mwepesi. Fanya kazi juu ya nakala, kwenye tabaka lake, kisha punguza nguvu ya tabaka hilo mpaka nusu na uangalie kama bado unamtambua mtu. Chunusi ni mgeni, wiki ijayo itakuwa imeondoka, unaweza kuifuta. Kovu ni mwenyeji, liulizie kwanza.

Lipo jambo moja zaidi, nalo linatutia hofu kuliko pasipoti. Familia zilizokimbia mwaka 1972, na zilizofuata baadaye, zilibeba picha chache mno: baba amesimama kando ya baiskeli, harusi ya shangazi, mtoto mmoja asiyejulikana tena alipo. Zimekunjwa, zimelowa, zimeliwa na mchwa. Vijana sasa wanazipokea kwa ajili ya "kufufua" na kuzipitisha kwenye programu za akili bandia zinazotoa uso safi kabisa kwa dakika moja. Wateja wanalia kwa furaha. Waelezwe basi kinachotendeka: mahali palipoharibika programu haina cha kufufua, inabuni. Imejifunza macho na pua kutoka kwenye mamilioni ya picha za watu wengine, na inabandika zinazoelekea kufaa. Bibi yako anarudi na macho ya mtu mwingine, na wajukuu ambao hawakumwona watakua wakidhani ndiye.

Anayependa kazi hii aifanye polepole. Askani picha ilivyo kwa nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kuna maandishi na mhuri wa studio. Faili la kwanza asiliguse kamwe. La JPEG hupungua ubora kila linaporekebishwa na kuhifadhiwa upya. Mikunjo na madoa yaliyoko kwenye nguo, ukuta na mbingu ayazibe apendavyo. Yaliyopita usoni ayapunguze tu, na jicho lililopotea abaki nalo likiwa limepotea. Nakala zikae katika nyumba mbili tofauti. Mpigapicha mashuhuri Samuel Fosso, aliyeshuhudia vita vya Biafra akiwa mtoto, nyumba yake ya Bangui iliporwa mwaka 2014 na negativu zake zikatapakaa nje; ziliokolewa kwa sababu tu waandishi wa habari walikuwa wakipita.

Ofisi zinazotoa hati nazo zina deni. Zibandike mlangoni picha mbili, moja inayokubalika na moja iliyokataliwa, pamoja na sababu yake kwa Kirundi na Kiswahili, ili mtu aliyetembea tangu alfajiri asilipie picha mara mbili. Na mpigapicha atakayeletewa picha ya zamani airudishe yenyewe kwa mwenyewe, siku hiyohiyo, ikiwa na majina ya waliomo yameandikwa nyuma kwa penseli laini.