Flaneli Ifuliwe Kabla ya Kukatwa

Vijana wenzangu wa Nyarugusu na kambi nyingine, leo naandika juu ya kitambaa. Msicheke, someni kwanza.

Mwaka jana nilijitolea kwenye darasa la ushonaji hapa kambini. Nilianza kwa kubeba maji na kuandika mahudhurio, mwisho nami nikakaa kwenye cherehani. Tukapewa kazi ya kushona mablanketi ya viraka kwa ajili ya akina mama waliojifungua. Juu tuliunga viraka vya mashati ya mitumba, yale mazito ya drafti. Chini tuliweka flaneli mpya kutoka kwenye jora. Wageni walikuwa wanakuja Ijumaa, kwa hiyo kazi ilikuwa mbio mbio. Ijumaa mablanketi yalikuwa tayari, picha zikapigwa, kila mtu akafurahi.

Wiki mbili baadaye mama mmoja jirani yetu akaniita. "Mwanangu, njoo uone. Nimelifua mara moja tu." Blanketi lilikuwa limekunjamana kama uso wa mzee. Upande wa chini umerudi, wa juu umejaa mawimbi, na kwenye pembe uzi umekatika. Niliona aibu, jamani.

Sababu ni rahisi. Flaneli ni kitambaa, mara nyingi cha pamba, kilichokwanguliwa mpaka kikatoa vinyoya, ndiyo maana ni laini na kina joto. Lakini ikiwa mpya inarudi sana ikifuliwa, kuliko pamba nyingi za kawaida. Yale mashati ya mitumba yalishafuliwa huko yalikotoka mara nyingi, yamemaliza kurudi. Sisi tukayaunga na kitambaa ambacho hakijaona maji. Kwa hiyo kilichotuharibia ni kile kipya cha dukani, si mitumba tuliyokuwa tunaidharau.

Najua mtaniambia: maji yatoke wapi? Hata mimi napanga foleni bombani. Lakini jora lililobaki tulilifua baadaye, mita kumi zikala madumu matatu pamoja na kusuuza. Madumu matatu! Kulifumua blanketi moja na kulishona upya kulinichukua siku nzima.

Maoni yangu ni haya, na nawaambia hasa ndugu zetu wa mashirika. Fomu zenu zinauliza mmeshona mablanketi mangapi. Hakuna anayeuliza mangapi yamebaki mazima baada ya kufuliwa. Mkileta jora, pangeni na siku mbili za kufua na kuanika. Kama siku hizo hazipo, leteni mitumba tu, sisi tutachagua. Mama aliyejifungua hana blanketi la pili la kumfunika mtoto wakati lile la kwanza linafumuliwa, na usiku wa mwezi wa saba hapa Kigoma mnaujua.

Kwa wenzangu mnaoshona, haya mengine nimejifunza kwa kuharibu. Flaneli inafumuka nyuzi pembeni, kwa hiyo mshono wa nusu sentimita hautoshi, acheni sentimita moja na zaidi kidogo. Viraka viwe vikubwa, maana vidogo vinaleta mishono mingi minene na sindano inakwama. Mshono ukishamaliza, ufungue upige pasi pande zote mbili ulale. Pasi iwekeni na kuinua, msiisukume, kitambaa kinavutika kikaenda upande. Hatua za uzi ziwe ndefu kidogo. Na kila siku fungueni cherehani pale chini kwenye bobini, mtoe vinyoya kwa brashi. Fundi wetu alilaumu cherehani wiki nzima kwamba inaruka mishono, kumbe imejaa vinyoya tu!

Halafu jambo la moto. Vile vinyoya vinashika moto haraka kuliko kitenge. Mama anayepika kwa kuni huku amemfunika mtoto mgongoni kwa flaneli, mwambieni. Sisi tulipogawa mablanketi hatukumwambia mtu.

Blanketi la jirani nimelirudisha Jumapili. Limepungua kiganja kizima kila upande, ila mtoto bado ni mdogo, linamtosha. Bado kuna mengine yaliyogawiwa Ijumaa ile. Kama lako limekunjamana, lilete darasani Jumatano asubuhi, na uje na dumu moja la maji.