Kabla Hujasema "Ni Mbwa Tu"

Wacha nianze na yangu, ndio mtu asiseme nahubiri.

Mwaka wa kwanza chuoni nilirekodi video fulani. Ilikuwa jioni, nje ya kibanda cha chipsi kando ya geti ya hosteli. Mbwa mmoja wa kike, rangi ya mchanga, alikuwa amesogelea karai kuliko kawaida. Jamaa wa kibanda akachota maji moto, akammwagia mgongoni. Mbwa akalia, akajigonga kwa bodaboda iliyoegeshwa, akatoroka akichechemea. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na simu mkononi. Nikachukua yote, nikaweka muziki, nikaposti. Ilitazamwa zaidi ya mara 40,000. Kabla ya hapo hakuna kitu changu kilikuwa kimewahi kufika 500.

Siku tatu baadaye nilienda kutupa taka nyuma ya mesi nikamkuta. Ngozi ya mgongo ilikuwa imebanduka, nzi wamemjaa, na watoto wanne wananyonya. Kando yake alikuwa amechuchumaa msichana mmoja anayesomea afya ya mifugo, anaongea na daktari kwa simu. Akaniangalia.

"Wewe ndio wa ile video, si ndio?"

Nikasema ndio.

"Basi shika tochi."

Hivyo ndivyo nilijiunga na hili kundi ambalo wengi wenu mnaliita "wazazi wa mbwa". Leo tuko 17. Yule mbwa alipona, na tukampa jina Sapu, kwa sababu ukidhani umemalizana naye, unashtukia amerudi.

Sasa nije kwa kilichonifanya niandike. Mwezi uliopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliumwa na mbwa akitoka maktaba usiku. Wiki hiyo hiyo tukaambiwa kwamba mbwa wote wasio na mwenyewe "wataondolewa". Kila mtu hapa anajua maana ya kuondolewa. Ni nyama yenye sumu inayotupwa usiku, na asubuhi wafanyakazi wa usafi wanaokota mizoga kabla ya darasa la saa mbili. Na nusu ya makomredi wanasema sawa, wamalizwe, tumechoka.

Sitawatukana watu hao. Aliyeumwa ana haki ya kuogopa, na ana haki ya kutembea usiku bila wasiwasi. Kichaa cha mbwa si mchezo. Dalili zikishaanza kuonekana kwa binadamu, karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria watu 59,000 wanaokufa hivyo kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Karibu vifo vyote hivyo chanzo chake ni mbwa. Kwa hivyo mtu akikwambia usijali, ni mbwa mpole, huyo hakusaidii. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uanze chanjo. Usingoje uone kama mbwa atakufa. Usipake pilipili, mafuta wala majani ya nyanya.

Lakini kwa sababu hiyo hiyo, mimi napinga sumu.

Sumu haichagui. Inaua mbwa aliyechanjwa na ambaye hajachanjwa, inaua paka wa jikoni, inaua ndege anayekula mzoga. Halafu jalala linabaki wazi vile vile, limejaa ugali na mifupa. Mbwa wa mtaani wakisikia harufu na hakuna wenyeji wa kuwafukuza, wanahamia. Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban miezi miwili tu. Kabla muhula mwingine haujaisha uko pale ulipoanza, ila sasa una mbwa wageni, ambao hawajachanjwa na hawajazoea watu. Yaani umelipia hatari zaidi.

Kinachofanya kazi kinajulikana. Ukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo, na ukirudia kila mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kuruka kutoka mmoja hadi mwingine. Si lazima umfikie kila mbwa. Hata serikali yetu iliandika hivyo katika mkakati wa kumaliza kichaa cha mbwa kwa binadamu kufikia 2030, ule ulioanza 2014, na kaunti kama Makueni na Siaya zilikuwa kati ya zile za kwanza kuchaguliwa. Kumchanja mbwa mmoja ni pesa kidogo sana ukilinganisha na msururu wa sindano anazochomwa binadamu aliyeumwa. Mwenzetu yule alikosa chanjo katika kituo cha kwanza alichoenda, ikabidi apande matatu hadi mji mwingine. Kama mbwa huyo angekuwa kwenye daftari letu, angalau tungeweza kumwambia daktari alichanjwa lini.

Na hapo ndipo ninageukia watu wetu wenyewe, sisi wapenda mbwa. Tumekosea pia. Muhula mzima wa kwanza kazi yetu ilikuwa kubeba mabaki ya githeri kwa ndoo, kuwalisha, kupiga picha, na kwenda kulala tukijiona watu wazuri. Mbwa waliongezeka. Tulikuwa tunalisha, hatuchanji, hatuhasi, hatuandiki. Mlinzi wa geti, mzee ambaye amekaa hapa kuliko profesa yeyote, ndiye alituambia ukweli: "Watoto wangu, mnawafundisha kungoja watu mlangoni, halafu likizo mnaenda nyumbani. Nani anabaki nao? Mimi." Tulinyamaza. Alikuwa sahihi.

Siku hizi tunafanya tofauti. Chakula kinawekwa mahali pamoja, mbali na hosteli, saa moja, na kinaondolewa. Mbwa 31 wako kwenye daftari: rangi, alama, tarehe ya chanjo, amehasiwa au la. Daktari wa mifugo wa mjini anakuja mara mbili kwa muhula, na upasuaji ni wake, si wetu. Hakuna mwanafunzi anayeshika mbwa asiyemjua. Wanaoshika walichanjwa wao kwanza. Likizo kuna zamu, na mzee wa geti ana namba za watu watatu.

Anayeshika daftari na hela ni rumeti wangu wa Malindi. Yeye ni Mwislamu na hagusi mbwa, hata nguo yake akilambwa anaenda kuibadilisha kabla ya swala. Nilipomuuliza mbona basi anajisumbua, alinikumbusha habari waliyofundishwa madrasa, ya mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu na Mungu akamsamehe dhambi zake. Halafu akasema, "Kutomgusa ni ibada yangu. Kutomtesa pia." Kwa hivyo ukisema hupendi mbwa, sawa kabisa. Hakuna anayekulazimisha umkumbatie.

Najua swali linalofuata: watu wanalala njaa Kenya hii, nyinyi mnalisha mbwa? Ni swali la haki. Tunachowapa ni mabaki ambayo yangeenda jalalani, na pesa tunazochanga zinaenda kwa chanjo. Na hebu jiulize, mbwa akipata kichaa, anamuuma nani? Mwenye gari atapandisha kioo. Anayeumwa ni mtoto anayetembea kwenda shule alfajiri, ni mama mboga anayefungua kibanda kukiwa giza. Chanjo ya mbwa huyu ni afya ya mtu yule yule unayesema tumemsahau.

Kuna na sheria. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inafanya kuwa kosa kumpiga mnyama kikatili, kumpiga mateke, kumtesa au kumtia hofu. Haijasema "isipokuwa mbwa koko". Jamaa wa chipsi alivunja sheria hiyo mbele yetu wote, nasi tulikuwa hadhira yake. Nilimrudia baadaye, si kumtisha, kumuuliza tu. Akaniambia mbwa walikuwa wamemwangushia sufuria ya mafuta wiki hiyo, hasara ya siku nzima. Tukamtengenezea kizuizi cha mabati na pipa lenye kifuniko. Hajamwaga maji tena. Wakati mwingine ukatili ni roho mbaya, lakini mara nyingi ni mtu aliyechoka na hakuna aliyemsaidia.

Kwa hivyo ombi letu kwa wakuu wa chuo ni dogo. Tupeni hadi Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Wekeni vifuniko kwenye mapipa ya mesi, zibeni ile tundu ya ua upande wa mto, wekeni taa njia ya maktaba. Sisi tutaleta daktari na daftari. Mbwa yeyote anayeuma atengwe na achunguzwe na daktari, hatutamtetea kwa sababu ana macho mazuri. Siku hiyo tuhesabu pamoja. Tukishindwa, mtatuuliza.

Na kwenu wenye simu kama mimi: ukiona mnyama anateswa, ukirekodi, rekodi kwa ajili ya ushahidi, kisha mwite mtu mwenye mamlaka. Usiweke muziki.

Ile video yangu niliifuta zamani. Haisaidii. Watu walishaihifadhi, na bado huzunguka kwa magrupu kila baada ya miezi kadhaa. Juzi komredi mmoja alinionyesha kwa simu yake, hajui ni mimi niliichukua. Sapu analia, halafu watu wanacheka. Anayecheka wa kwanza, yule wa karibu kabisa na simu, ni mimi.