Mguu Uliokakamaa Usiuvute kwa Nguvu

Huenda umewahi kumwona mtoto akibebwa mgongoni hali amekwisha fikia umri wa kwenda shule, miguu imebana kama mkasi na visigino havigusi chini hata anaposimamishwa. Majirani hunong'ona mengi. Wengine humwelekeza mama kwa mganga, na wengine humwambia angoje tu, mtoto atatembea siku yake ikifika. Kungoja huko ndiko ninakotaka tuzungumzie leo.

Hali hii huitwa mtindio wa ubongo. Ubongo hudhurika kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Huenda alizaliwa kabla ya miezi kutimia, alikosa hewa, au aliugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Daktari Mwingereza, William John Little, aliwaeleza wenzake mjini London habari za watoto hawa mwaka wa 1861. Si laana, wala haiambukizi.

Ubongo huuamuru msuli ukaze, na ndio huuzuia usikaze kupita kiasi. Kizuizi hicho kikiharibika, msuli hubaki umekakamaa. Jeraha lenyewe la ubongo haliongezeki, lakini mifupa ya mtoto hurefuka kila mwaka na msuli huo haurefuki sawa nayo. Mguu ulionyooka vizuri akiwa na miaka miwili waweza kukataa kabisa akiwa na minane. Hata nyonga huweza kuteguka polepole pasipo mzazi kujua, ndiyo sababu madaktari hutaka ipigwe eksirei kila baada ya muda.

Jirani yangu mmoja alikuwa akiuvuta mguu wa mwanawe kwa nguvu kila jioni, mtoto akilia, naye akidhani uchungu ndio dawa. La hasha! Msuli uliokakamaa ukivutwa ghafla hukaza zaidi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwonyesha kuuvuta taratibu, kuushikilia na kungoja ulegee, hasa baada ya kumwogesha kwa maji ya vuguvugu. Alimfundisha pia kumbeba kiunoni, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, ili mapaja yatanuke. Kwa kukaa, kiti kilichoundwa kwa maboksi na gundi ya unga chatosha, mradi mgongo uegemee na nyayo zipate pa kukanyaga.

Mazoezi yasipotosha, hospitali ina mengine. Kuna vidonge vya baklofeni, ambavyo huweza kumletea mtoto usingizi, na ambavyo hupaswi kuvikatiza ghafla bila idhini ya daktari. Kuna sindano ya botulini (ndiyo, sumu ileile inayoua watu waliokula chakula cha mkebe kilichoharibika!) ambayo kwa kipimo kidogo sana huulegeza msuli kwa muda wa miezi mitatu hivi. Muda huo ni wa kufanya mazoezi na kuvaa magango; ukipita bure, pesa zimepotea. Misuli ikiwa imekwisha kuwa mifupi, daktari wa upasuaji huweza kuirefusha kano. Hospitali ya CURE iliyofunguliwa Kijabe mwaka wa 1998 hushughulikia viungo vya watoto.

Hata hivyo, usikimbilie kuondoa ukakamavu wote. Wapo watoto ambao huo ndio huwawezesha kusimama, ukiondolewa, huanguka. Kabla ya kukubali dawa yoyote, mwulize daktari itamsaidia mwanao kufanya jambo gani asiloliweza leo.

Mwana wa jirani yangu hatembei peke yake bado. Asubuhi huvalishwa magango, akashika meza na kusimama, visigino vikiwa chini. Mamaye ameisogeza meza hiyo dirishani, apate kuwaona wenzake wakicheza.